Sentensi Iliyofutika

Tulikuwa na mashaka. Watoto wa mwaka wa pili wa shule ya msingi, ambao bado hutafuta herufi kwa kidole kimoja, wangeandikaje pamoja? Hapa Bukavu tuliweka Etherpad katika kompyuta moja na kuiunganisha na tableti nne, bila intaneti. Programu hiyo, iliyoanza mwaka 2008, humpa kila mwandishi rangi yake, na wote huona ukurasa uleule.

Waliandika habari za ziwa. Msichana mmoja akaandika: «Baba anavua sambaza usiku.» Punde maneno yakafutika, mvulana jirani yake alitaka nafasi ya mtumbwi wake. Msichana akalia. Sisi tukamkaripia mvulana, haraka mno, twakiri. Mwalimu hakusema neno. Aliurudisha ukurasa nyuma hadi dakika ile, na sentensi ikatokea tena mbele ya macho yao. Mvulana akatazama kimya, kisha akauliza:

— Baba yako hurudi saa ngapi?

— Asubuhi. Siku nyingine hachelewi.

Naye akaandika jibu hilo chini ya sentensi, kwa rangi yake.