Barua kutoka Gloucester: Jawabu kwa Ami Juu ya Mkanda wa Jeshi

Ami yangu mpenzi,

Barua yako kutoka nyumbani Mbaraki imenifikia salama huku Uingereza, nami nimeisoma mara tatu, kwa kuwa swali uliloliandika mwishoni kabisa, kama mtu aonaye haya kulitaja, lilikuwa zito kuliko habari zote zilizolitangulia: je, mkanda wa jeshi ukishamshika mtu, akapona, hurudi?

Nami naujua mkanda huo kwa kuonja, Ami. Msimu wa baridi uliopita nilipata maumivu chini ya mbavu za kushoto, nikadhani nimejitegua kwa kubeba mzigo. Ngozi ikawa inawaka na kuwasha ilhali haina alama yoyote, hata siku ya tatu yakachomoza malengelenge yaliyoshikana mafungu mafungu, yakatoka uti wa mgongo yakaja mpaka chini ya ziwa, na hapo katikati ya kifua yakasita, kama kwamba kuna mpaka yaliyokatazwa kuuvuka. Nilikwenda duka la dawa lililo pembeni mwa mtaa wetu, maana tangu Januari 2024 wafamasia wa nchi hii wameruhusiwa kuyatibu maradhi haya kwa watu wazima bila ya mgonjwa kumwona tabibu kwanza, na mfamasia yule, kabla ya neno lolote, aliniuliza upele umetoka lini. Nilipomjibu kuwa ni tangu jana usiku, alinipa vidonge vya asikloviri, vya kumeza mara tano kwa siku muda wa siku 7, akanieleza kwamba dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya kutimia saa 72 tangu upele kutokeza.

Saa 72, Ami! Nilirudi nyumbani nikalia, na kilio changu kilikuwa cha marehemu bibi, mama yako.

Wajua ilivyokuwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990, na sisi tulimfungia bibi chumba cha uani, kwa sababu zama zile mkanda wa jeshi ulikuwa umekwisha kuwa jina la pili la Ukimwi vinywani mwa watu, na ajuza wa umri wake, mcha Mungu, hakustahili kusemwa. Jirani mmoja alisema ncha mbili za mkanda zikikutana mgonjwa hufa, basi kila asubuhi tukawa tunampima bibi ubavu kwa macho. Mwingine akashauri marashi na udi vipelekwe pale kwenye Mnara wa Mbaraki. Kila mtu alisema lake, na hakuna aliyempeleka hospitali ya Makadara, hata malengelenge yakakauka yenyewe. Upele ulikwisha, lakini maumivu yalikaa tangu kusi hadi kaskazi, naye hakuweza kuvumilia hata leso kumgusa kifuani.

Kumbe jambo lenyewe lina asili nyingine. Si mbali na mji wangu huu upo mji mdogo uitwao Cirencester, ambako tabibu wa kawaida, Edgar Hope-Simpson, aliwaandika wagonjwa wake wa mkanda kwa miaka 16, wakafika 192, na mwaka 1965 akaeleza kwamba mkanda hauambukizwi kutoka kwa mwenye mkanda, bali ni tetekuwanga ileile ya utotoni, ambayo haitoki mwilini moja kwa moja, hujificha katika mashina ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na kinga ya mwili ikipungua huamka na kuufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana hukamata upande mmoja, na ndiyo maana zile ncha mbili aghalabu hazikutani. Na hata zikikutana, kukutana kwake siko kunakoua. Kinga hupunguzwa na mengi: uzee peke yake watosha, na dawa za saratani, na Ukimwi pia, ambao ndio uliowafanya matabibu wa Afrika Mashariki zama zile wauone mkanda kwa vijana wengi. Kwa hiyo tabibu akitaka kukupima damu, Ami, mpe mkono wako bila ya kusitasita. Kupimwa si kutuhumiwa.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Hurudi, lakini kwa wachache: katika uchunguzi mmoja uliofanywa Marekani, jimbo la Minnesota, katika kila watu 100 walioshikwa, takriban 6 walishikwa tena ndani ya miaka 8, na hatari ilizidi kwa wenye kinga dhaifu na kwa wale ambao maumivu yao ya kwanza yalipita siku 30. Wala haulazimiki kurudi mahali palepale. Lakini umeniandikia kwamba kanzu bado yakuchoma pale ulipokuwa upele, na hilo ndilo linalokutia hofu. Mimi naona hayo siyo mkanda mpya, bali ni mshipa uliojeruhiwa ambao haujatulia, na maumivu ya namna hiyo yana dawa zake, usiyanyamazie kama alivyoyanyamazia bibi. Malengelenge mapya yakitoka, hapo hesabu saa, uende kwa tabibu siku ileile. Na yakitoka usoni, hususan kwenye ncha ya pua au karibu na jicho, usingoje hata kupambazuke, maana jicho laweza kupotea. Yafunike mpaka yakauke, na mkaza mwana wako aliye mjamzito asiyaguse, kwani maji yake humpa tetekuwanga asiyewahi kuugua.

Huku hutolewa chanjo ya mkanda, sindano mbili, bure kwa anayetimiza miaka 65, hata akiwa alikwisha kushikwa. Muulize tabibu wako habari zake.

Leso ya bibi, ile aliyoshindwa kuifunga, ninayo mimi. Niliifunga kifuani siku ya arubaini ya maradhi yangu, nikakaza fundo, wala haikuniuma.

Mwanao,
Gloucester