Wafu Walikuwa Bei Rahisi

Novemba 1983, mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofunguliwa baada ya kufungwa tangu Februari 1977, watu wa Arusha walizungumzia sabuni, mafuta ya kula na vipuri vya magari. Sisi wanafunzi wa theolojia pale chuo cha Kilutheri cha Makumira tulizungumzia hayo pia, maana hata wachungaji huoga. Lakini bwenini kulikuwa na habari nyingine: Nairobi kuna vitabu.

Maktaba ya chuo ilikuwa nzuri, ila vitabu vyake vilibaki chuoni. Mhitimu aliyepelekwa usharika wa milimani Upare alikwenda na Biblia, kitabu cha nyimbo na madaftari yake ya darasani, na kwa hayo alitakiwa kuhubiri miaka 30. Kuagiza kitabu ng'ambo kulihitaji fedha za kigeni, na nchi ilikuwa na kiu ya petroli na dawa. Nani angethubutu kupanga foleni benki kuomba pauni za kununulia maelezo ya Waraka kwa Warumi?

Likizo ilipofika nilipanda basi hadi Namanga, nikavuka kwa miguu, nikabanwa ndani ya teksi ya Peugeot hadi Nairobi. Shilingi yetu ilikuwa hainunui kitu kule. Mjomba wangu aliyekuwa kibarua Thika alinipa shilingi za Kenya, akanionya nisizimalize kwa makaratasi. Nilizimaliza kwa makaratasi.

Vitabu vya mitumba vilitandazwa juu ya magunia kando ya njia. Riwaya zilikaa mbele, vitabu vya shule katikati, vya dini nyuma kabisa. Mzee mwenye koti la kijivu aliniona nimechuchumaa huko nyuma.

"Wewe ni mtu wa kanisa, kijana?"

"Ndiyo, mzee. Nasomea uchungaji."

"Basi Mungu amekuleta. Hizi za dini hazitembei. Chukua tatu, ulipe mbili."

Nilichukua maandiko ya Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa kale, maisha ya Yesu ya Alfred Edersheim, na itifaki ya Biblia, yaani faharasa ya maneno yake, ya James Strong. Safari zilizofuata nilipata ufafanuzi wa Biblia wa Matthew Henry, kisha juzuu moja moja za ufafanuzi wa Agano la Kale wa Wajerumani wawili, Keil na Delitzsch. Vingine vilikuwa vya zamani kwelikweli, vyenye harufu ya kabati na jina la mchungaji fulani wa Uskoti kwa wino uliogeuka kahawia. Aghalabu mtu alikuwa amestaafu au kufa, na wanawe wakatoa maktaba yake kwa makanisa ya Afrika. Vingine vilikuwa na jalada jipya linalong'aa, lakini ndani herufi zilikuwa zimekatika miguu. Wachapishaji wa Marekani, hasa wale wa mji wa Grand Rapids, walikuwa wakipiga picha kurasa za toleo la zamani na kuzichapa hivyo hivyo. Ukurasa uliofifia katika nakala iliyopigwa picha ulifufuka umefifia katika nakala zote.

Nyingi za chapa hizo zilionyesha mwaka zilipochapwa upya tu. Mwenzangu mmoja alimpenda sana Edersheim, akakaa jioni nzima akitunga barua ya kumuuliza kuhusu Hekalu. Tulimwacha amalize ndipo tukamwambia kwamba Edersheim alifariki 1889. Hakucheka. Alisema mtu anayeandika hivyo hana haki ya kufa.

Aliyenifungua macho ni mama mkutubi wa chuo. Nilikuwa nimempelekea mzigo wangu wa vitabu kwa majivuno, akavipanga mezani kwa umri: Josephus katika tafsiri ya Whiston ya 1737, Matthew Henry aliyefariki 1714, Edersheim wa 1883, Strong wa 1890.

"Unaona wanafanana kwa nini?" akauliza.

Nikasema wote ni wacha Mungu.

"Wote hawadai malipo," akasema. Akanieleza habari ya hakimiliki: katika nchi nyingi kazi ya mwandishi hulindwa miaka 50 au zaidi baada ya kifo chake, kisha yeyote anaweza kuichapa bila kumlipa mtu. Ndiyo maana kitabu cha karne ya 18 kiliweza kuuzwa kwa bei ya karatasi na gundi. Akaongeza kwamba hata huyo Matthew Henry wangu alifariki baada ya kumaliza Matendo ya Mitume. Maelezo ya nyaraka na Ufunuo yaliandikwa na wachungaji wengine.

Tangu siku hiyo niliitazama rafu yangu kwa jicho jingine. Darasani walimu walitufundisha wasomi wa Biblia wa karne ya 20, von Rad na Bultmann. Bwenini tuliwajibu kwa Keil, aliyefariki 1888, aliyekuwa akibishana na wasomi ambao hatukuwahi kuwasoma. Tuliusikia ugomvi upande mmoja, tukaupenda upande huo kwa kuwa ndio tuliomudu kuununua. Tulipotawanyika sharikani, mahubiri yetu yalibeba hoja za Edinburgh na London ya zamani, na waumini waliitikia amina.

Sitawabeza wazee hao. Usiku wa kuandaa mazishi ya mtoto, Matthew Henry alinifaa kuliko profesa yeyote. Tena shida yetu haikuwa mpya. Mwaka 1875 Susannah, mke wa mhubiri Charles Spurgeon wa London, alitoa akiba yake akanunua nakala 100 za kitabu cha mumewe ili wapewe wachungaji maskini wa huko kwao. Ndivyo ulivyoanza mfuko wake wa vitabu. Nilipoisoma habari hiyo nilijua angalau sikuwa wa kwanza kuhubiri kwa kuazima.

Ila kuna vitabu ambavyo sikuvikuta kamwe kwenye magunia yale. John Mbiti, Mkamba wa Kitui, alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969. Kilikaa dukani kwa bei ya kitabu kipya. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba aliandika kitabu juu ya kanisa na ukoo wa Kihaya, kikachapwa Lund, Sweden, 1974. Mtu wa ng'ambo ya Ziwa Viktoria tu, nami nikamsoma ndani ya maktaba. Mjerumani kama Keil, aliyekufa karibu miaka 100 kabla, nilimbeba mkobani.

Siku hizi vijana wanaye Matthew Henry kwenye simu, bure, kwa sababu ile ile aliyonieleza mama mkutubi. Wakiniuliza wanunue nini, huwaambia watafute kwanza mwaka wa kuandikwa kitabu, si wa kuchapwa. Cha zamani wakichukue, bei ni nzuri na mengi yake bado ni kweli. Lakini fedha wazilipe kwa mwandishi aliye hai, hasa anayeandika Kiswahili. Matthew Henry alinunuliwa sana enzi zake, ndiyo maana kuna waliokumbuka kumchapa tena. Asiyenunuliwa na watu wa kizazi chake hatachapwa upya na yeyote, hata sheria ikiruhusu.