Baiskeli za Barabara ya Gatumba

Kabla ya vita vya Burundi, mtu wa kutoka Uvira, upande wa Kongo, kwenda Bujumbura alikuwa na uwezo wa kuchagua safari yake. Mwenye haraka alipanda Hiace mpakani, wakabanana wanne kwenye kiti cha watatu, magunia ya ndagala chini ya miguu. Mwenye mzigo mkubwa alipita majini. Boti za mbao zilikata ncha ya kaskazini ya Tanganyika, na asubuhi ziwa likiwa limetulia, sijaona safari tamu kuliko ile: unanyoosha miguu, unapunga upepo, milima ya Kongo nyuma na mji mbele. Ila kiangazi, upepo wa kusini ukichachamaa, wengi walirudi barabarani wenyewe bila kuambiwa.

Baiskeli ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa ya mtu asiye na nauli.

Mimi nilikuwa kijana wa Gatumba, njiani kati ya mpaka na mji, na nilibeba abiria kwa baiskeli miaka yote ile mibaya. Phoenix yangu ilikuwa ya chuma, nzito. Fundi aliichomelea vyuma viwili kwenye keria ili isipinde, nami nikafunga juu yake sponji iliyovikwa turubai, nikaikaza kwa vipande vya mpira wa tairi. Kando ya gurudumu la nyuma palikuwa na vyuma vya kukanyagia. Akina mama walikaa upande, mkono mmoja umeshika kiti changu, mwingine umeshika mzigo. Kutoka Gatumba hadi mjini ni kilomita kama 15 za tambarare, lakini alasiri upepo wa ziwani ukivuma, mapaja yalikuwa yanawaka moto. Na abiria naye alifika kiuno kikimuuma.

Mambo yaligeuka mwaka 1996. Baada ya mapinduzi ya Julai, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, vilivyodumu hadi Januari 1999. Petroli ikaadimika, nyingine ikauzwa kwenye chupa kando ya njia kwa bei ya kukatisha tamaa, na Hiace nyingi zikalala. Zilizotembea zilisimamishwa kila kizuizi: wote chini, vitambulisho mkononi, magunia yafunguliwe. Ndipo watu walipogundua kwamba baiskeli iliyotoka pamoja na gari ilikuwa inatangulia kufika.

Nakumbuka mama mmoja, muuza vitenge wa Uvira. Asubuhi moja, tulipokaribia daraja la Rusizi Kubwa, alinigonga mgongoni.

"Mwanangu, simama kwanza. Mbona hatupishani na mtu anayetoka mjini?"

Nilisimama. Kweli, saa ile kwa kawaida tungekuwa tumepishana na wauza mkaa, wanafunzi, wake za askari. Barabara ilikuwa tupu. Tukiwa tumesimama chini ya mti, Hiace ilitupita mbio, madirisha yamefungwa, muziki juu. Tulingoja mpaka akaja mzee mmoja na mzigo wa majani, akatuambia usiku kulikuwa na risasi ila sasa kumetulia. Tulipovuka, tuliikuta ile Hiace kwenye kizuizi, abiria wamekalishwa chini juani. Sisi tuliulizwa swali moja tukaruhusiwa.

Raha ya baiskeli ilikuwa hiyo. Mtu aliona mbele, alisikia, na aliweza kusema simama akasikilizwa.

Hata ndege haikuwa na raha hiyo. Uwanja wa ndege uko kando ya barabara yetu, na ndege ya Sabena kutoka Brussels ilipokuwa inashuka, tulikuwa tunasimama kuitazama. Kwetu hapakuwa na safari ya heshima kuliko ile. Tarehe 4 Desemba 2000, ikitua, ilipigwa risasi, watu wawili wakajeruhiwa, na shirika likasitisha safari zake. Tarehe 28 mwezi huohuo basi lililotoka Kigali lilishambuliwa likikaribia Bujumbura, wakauawa watu 21. Baada ya Desemba ile nilianza kubeba watu ambao zamani wasingenitazama: walimu, makarani, hata mfanyabiashara mwenye gari lake nyumbani.

Miaka mingi baadaye, Machi 2022, serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya Bujumbura. Abiria wa Gatumba akawa anashushwa pembeni ya mji, anashika kapu lake na kutafuta gari la pili kwa nauli ya pili. Miaka hii mafuta yameadimika tena, magari yanalala kwenye foleni za vituo vya petroli, na vijana wetu wamechomelea keria zao kama tulivyofanya sisi. Mimi natamani wachorewe njia yao kando ya lami hadi sokoni, wapite. Wenye mamlaka waliokuwa mjini miaka ile wanajua ni nani aliyewafikishia ndagala na unga magari yalipokwama.