Dawa ina saa yake

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema: Haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Mtu akitaka kuzifuata zote mbili kwa siku moja, atafanyaje? Sisi tuliziona zikipatana kando ya kitanda cha mgonjwa, na habari hiyo ndiyo tunayotaka kuwaeleza leo.

Ugonjwa wenyewe ni usaha katika kiungo. Kiungo ni mahali mifupa inapokutana: goti, nyonga, bega, kiwiko. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kile kitu cheupe na laini tukionacho kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Katikati mna maji machache yenye kuteleza kama ute wa yai. Vijidudu vikiingia humo, mara nyingi kwa njia ya damu, kiungo huvimba, hupata moto, na huuma hata mgonjwa asikubali kiguswe. Homa hupanda. Mtoto aliyekuwa akikimbia jana, leo hawezi kukanyaga. Kijidudu kinachoonekana mara nyingi kuliko vingine ni stafilokoki, ndicho kile kile kinacholeta majipu.

Watoto wenye ugonjwa wa selimundu, nao ni wengi katika nchi yetu ya Kongo, wamo katika hatari zaidi. Kwa kuwa wamezoea kuumwa na viungo, ni rahisi wazazi wadhani kwamba ni maumivu ya siku zote. Basi homa ikipanda na kiungo kimoja kikivimba, wasingoje kupambazuke mara ya pili.

Kwa nini tuwe na haraka? Kwa sababu usaha hula gegedu, nayo ikiisha kuliwa hairudi kama zamani. Uharibifu huo huanza katika siku za kwanza. Katika nyonga ya mtoto, usaha hubana mishipa ya damu, hata kichwa cha mfupa wa paja chaweza kufa. Mtoto akipona baada ya hapo, huenda akachechemea maisha yake yote.

Tulipomuuguza mtoto wa kaka yetu, mwenye miaka 9, goti lake lilikuwa limejaa kama boga. Bibi yake alikuja naye, na chupa ya maji ya uvuguvugu mkononi. Daktari alipofika hakuanza na dawa. Aliosha goti, akalichoma kwa sindano tupu, akavuta maji mazito ya rangi ya maziwa yaliyochacha. Bibi akakasirika. Akamwambia muuguzi, «Mwanangu, mtoto anaungua kwa homa, nanyi mnamtoa maji badala ya kumpa dawa?» Muuguzi akamjibu kwa upole, «Mama, dawa iko tayari hapa mezani. Lakini kwanza tumwone adui uso wake. Dawa ikitangulia, atajificha.»

Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa. Maji ya kiungo hupelekwa katika maabara. Hupakwa rangi kwa njia iliyotangazwa na Hans Christian Gram, mtu wa Denmark, mwaka 1884, kisha hutazamwa kwa darubini: vijidudu vingine huonekana vya zambarau, vingine vyekundu. Habari hiyo ya kwanza hupatikana upesi. Maji mengine huwekwa katika chakula cha vijidudu ili viote, na baada ya siku chache hujulikana ni vya aina gani na ni dawa ipi inayoviua. Lakini mgonjwa akiisha kumeza dawa za kuua vijidudu, yaani antibiotiki, mara nyingi hakioti kitu. Vijidudu vilivyopigwa nusu havionekani maabarani, kumbe katika goti vingali vipo. Hapo daktari hulazimika kuchagua dawa kama mtu anayerusha mshale gizani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, kijana wa shule. Muuza dawa mmoja alikuwa amempa vidonge vinne vya rangi mbili, bila karatasi na bila kumwuliza neno. Homa ilishuka siku mbili, kisha ikarudi kwa nguvu. Maji ya kiungo chake hayakuotesha chochote. Mtoto wa kaka yetu alipewa dawa iliyomfaa tangu jibu la maabara lilipofika. Yule kijana alibadilishiwa dawa mara tatu, na goti lake halikukunjika tena vizuri.

Basi tazameni jinsi methali zetu zinavyopatana. Kuvuta maji ni kazi ya dakika chache, na dawa hufuata mara moja, bila kungoja jibu la maabara. Subira ni ya dakika, haraka ni ya saa ile ile. Tena kuna siku ambapo hata subira hiyo haifai. Mgonjwa akitetemeka, akihema mbio, akianza kupotewa na akili, vijidudu vimekwisha kuutikisa mwili mzima. Hapo daktari huchukua damu upesi, na maji ya kiungo kama yapatikana mara hiyo, lakini dawa haicheleweshwi kwa ajili ya kipimo. Kinyume chake, kuna wagonjwa wenye kiungo cha bandia kilichokuwa kikiuma polepole kwa miezi mingi, nao hawana homa kali. Kwao madaktari huweza kuacha dawa zote hata kwa majuma mawili kabla ya kuchukua kipimo, ili vijidudu vilivyojificha vionekane. Ugonjwa ni wa ukoo mmoja, saa ni mbalimbali.

Tujue pia kwamba dawa peke yake haitoshi. Usaha lazima utolewe, kwa sindano au kwa kupasua na kuosha kiungo. Mwenye kumwaga dawa juu ya usaha ni kama mwenye kupaka chokaa ukuta unaobomoka.

Sasa yabaki swali ambalo wenye kuuguza huliuliza kila siku: dawa itakwisha lini? Wataalamu nao wamejiuliza. Huko Ufini, mwaka 2009, walitangaza habari za watoto 130 wenye usaha katika viungo: waliotibiwa siku 10 walipona sawa na waliotibiwa siku 30, mradi hali yao ilikuwa inaendelea vizuri. Huko Uingereza, mwaka 2019, ilitangazwa habari ya wagonjwa 1,054 wa mifupa na viungo. Waliohamia mapema kwenye vidonge hawakushindwa na ugonjwa kuliko waliobaki na dawa ya mshipani: kama 13 katika kila 100, na wale wengine kama 15. Lakini huko Ufaransa, mwaka 2021, wenye viungo vya bandia waliotibiwa majuma 6 walibaki na ugonjwa kama 18 katika kila 100, na waliotibiwa majuma 12 kama 9 tu.

Tunajifunza nini? Kwamba muda mfupi wamfaa mmoja na kumdhuru mwingine. Si homa kushuka inayosema «yatosha», wala si mfuko wa baba. Husema daktari aliyeona goti, maji yake na damu yake. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya jambo hilo alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945: mwenye kutumia dawa kidogo mno haviui vijidudu, ila huvifundisha kuizoea.

Wazazi wapendwa, kiungo kimoja kikivimba pamoja na homa, msikikande, msikichanje, wala msiazime vidonge vya jirani. Nendeni hospitali siku ile ile. Na kama dawa yoyote imekwisha kumezwa, msiifiche kwa haya: mwambieni daktari jina lake, au mleteeni pakiti yake, pamoja na siku na saa ilipomezwa. Nanyi wanafunzi, mnaosoma karatasi za dawa kwa niaba ya wazee wenu, wahesabieni siku zilizobaki, na msiwaruhusu kuacha kwa sababu tu maumivu yametulia. Vidonge vichache vilivyosalia chini ya mto wa mgonjwa vyaweza kuwa ndivyo vilivyopungua ili goti lipone.