Umri wa Farasi na Haki ya Mizani

Katika mbio za farasi za kuruka viunzi nchini Uingereza, farasi mwenye umri mdogo hupunguziwa uzito wa kubeba, kwa kuwa mwili wake haujakomaa. Hoja hiyo ina mashiko. Je, umri wenyewe huhesabiwaje? Kila farasi wa mbio barani Ulaya huongezewa mwaka tarehe 1 Januari, awe alizaliwa Februari au Mei! Aidha, wengi wa Ufaransa huanza kuruka wakiwa na miaka 3, ilhali wenzao wa Ireland aghalabu hungoja. Mwaka 1998, katika mbio za Arkle huko Cheltenham, Champleve, mzaliwa wa Ufaransa mwenye miaka 5, alimpiku Hill Society kwa tofauti isiyotimia urefu wa kichwa. Aliyeshindwa ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi. Ni upungufu gani hasa wa Champleve uliofidiwa siku hiyo?