Maji ya Akheri Hufika Baharini

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi mpaka Tengeru, penye soko la Jumatano na Jumamosi, kisha ukageukia upande wa mlimani, utafika Akheri. Walutheri wanapajua kwa sababu ya wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa hapa Oktoba 1896. Wengine wanapajua kwa baridi, kahawa, maziwa na ndizi. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, uko nyuma ya nyumba zetu, na vijito vyake hupita katikati ya migomba na kugawanywa kwa mifereji iliyochimbwa na wazee.

Je, maji haya huishia wapi? Wengi wetu tunayachota, tunafulia, tunanyweshea ng'ombe, na hatuulizi zaidi. Yanateremka hadi mto Kikuletwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na yanapotoka yanaitwa mto Pangani. Baada ya zaidi ya kilomita 400 yanamwagika Bahari ya Hindi, penye mji mdogo unaoitwa Pangani vilevile.

Nisingelifuatilia jambo hili kama si binti wa jirani yangu. Alipomaliza kidato cha sita, akiwa amefaulu biolojia vizuri, aliwaambia wazazi wake kwamba anataka kusomea elimu ya bahari, hasa matumbawe. Nyumba ilitikisika! Baba alinyamaza. Bibi aliuliza kama huko kuna kazi au ni kutazama samaki tu. Mama yake alikuja kwangu jioni akiwa na hofu ya kweli. "Mtoto hajui kuogelea," alisema. "Mimi mwenyewe bahari sijaiona. Nitamruhusuje aende mahali nisipopajua?"

Nilimjibu kwamba basi twende tukapaone. Tuliweka akiba miezi mitatu, tukawaachia wakubwa nyumba, tukapanda basi alfajiri.

Njia yenyewe ni somo. Baada ya Moshi barabara inafuata milima ya Upare, kisha Usambara, na chini yake mashamba ya mkonge yasiyoisha. Tulipofika Korogwe nilimwonyesha mwenzangu mto. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. "Huo ni udongo wetu?" aliuliza. Kwa kweli sehemu kubwa ya udongo wa Meru hutua ndani ya bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako unapunguza nafasi ya maji tunayoyategemea kwa umeme. Udongo tuliouona Korogwe ni wa Usambara na mabonde ya chini. Lakini sioni kama hiyo ni faraja. Kila mama anayelima kwenye mteremko bila matuta, awe Akheri au Lushoto, anampelekea mwenzake wa bondeni mzigo.

Pangani ni mji wa kale, wenye milango mizito na minazi, na pantoni ya kuvukia Bweni. Mdomoni mwa mto huwezi kuona matumbawe, nayo si bahati mbaya. Tumbawe si jiwe, kama tulivyodhani sote wawili, bali ni wanyama wadogo mno waishio pamoja kwa maelfu, wakijijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo mno unaohitaji mwanga wa jua na kuwapa wenyeji wao chakula. Maji yakiwa na tope, mwanga haupiti. Maji baridi ya mto nayo hawayawezi. Kwa hiyo ili kuyaona ilitubidi kwenda nje kidogo, kwenye fungu la Maziwe.

Maziwe ilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Wakati huo kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walipanda kutaga. Miti imekwisha, ardhi imeliwa na mawimbi, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Mayai ya kasa wanaotaga hapo huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasizame. Mzee mwenye mashua alituambia, "Mama zangu, vueni viatu, lakini msikanyage matumbawe. Mkikanyaga, mmeua."

Tulisimama kwenye maji ya magoti, tukainamisha nyuso na miwani ya kuazima. Sitajaribu kueleza rangi zile. Jirani yangu aliinua kichwa, akafuta maji usoni, akainama tena, na hakuzungumza kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa wa kwanza kuchoka.

Sasa, kazi ya mtaalamu wa matumbawe ni ipi? Ni ya subira, kama kulea. Anapiga mbizi na mtungi wa hewa, anatandaza utepe wa kupimia juu ya mwamba, na kwenye kibao kisichoharibiwa na maji anaandika kilicho chini ya utepe: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mchanga, mwani. Mwaka unaofuata anarudi mahali palepale. Bila hesabu hizo hakuna ajuaye kama bahari inapona au inakufa. Matumbawe yapo chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina za viumbe wa baharini huyategemea.

Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, na matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka. Yanapopata joto kupita kiasi huutoa ule mwani wao, yanabaki meupe, na joto lisiposhuka upesi hufa kwa njaa. Baada ya hapo, mwaka 1999, ulianza mpango wa utafiti uitwao CORDIO, ambao tawi lake la Mombasa limeongozwa miaka mingi na Mkenya, Dk. David Obura. Mwaka 2023 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa jopo la mataifa linaloshughulikia viumbe hai, IPBES. Mpauko mwingine mkubwa wa dunia nzima ulitangazwa Aprili 2024.

Jirani yangu alitaka kujua habari za wanawake. Wapo! Zanzibar kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978. Dk. Narriman Jiddawi wa taasisi hiyo alifanya kazi na akina mama wa Fumba na vijiji jirani, wakafuga chaza wa lulu na kukubaliana kufunga sehemu za ufuo ili chaza waongezeke. Dk. Flower Msuya, mwenye jina la Kipare, ni bingwa wa mwani. Maji ya ufukweni yalipozidi joto na mwani wa bei nzuri ukawa unakufa, alihimiza akina mama waupande kwenye kina zaidi, ndani ya nyavu za mviringo kama bomba. Hapo likazuka lile lile la kuogelea, maana wengi wa wakulima wale, ingawa wamezaliwa pwani, hawakujua.

Hili lilimtuliza kuliko maneno yangu yote. Akaongezewa habari za kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, ambacho mwamba wake ni hifadhi tangu 1994. Wavuvi walifundishwa kuwa walinzi, na watoto wa shule huletwa kuvaa miwani na kutazama. Kwa wasichana wengi wa kisiwani hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona kilicho chini ya maji ya kwao.

Sikumficha mambo magumu. Nafasi za kazi si nyingi. Utafiti hutegemea fedha za miradi, na mradi ukiisha mshahara nao huyumba. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kupiga mbizi kila wiki, na kuna wanaume wasiopenda mke anayelala kwenye mashua na wafanyakazi wenzake. Haya yazungumzwe mapema, nyumbani, bila kelele.

Tulirudi Akheri usiku wa tatu. Bibi aliuliza swali moja tu, kama samaki wa baruti ndio wanaouzwa Tengeru. Tulimweleza kwamba baruti imekatazwa na sheria, na kwamba mlipuko mmoja huvunja mwamba uliojengwa kwa miaka mingi. Matumbawe ya aina nyingine hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Alitikisa kichwa kwa masikitiko.

Fomu ya chuo ilijazwa mwezi uliofuata, kwa mkono wa baba mwenyewe. Jumamosi binti hupanda daladala kwenda mjini kujifunza kuogelea, na mama yake hukaa ukingoni na kikapu cha kufuma.