Mkono na Usukani

Maji yaliyo kati ya Mkokotoni na Tumbatu si mapana, lakini hutosha kumfundisha kijana kazi ya usukani: bahari husukuma, mkono hujibu.

Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Wii, mashine ya michezo ya video yenye kishikio kilichotambua mwendo wa mkono. Mchezaji wa tenisi alipunga mkono kama ashikaye raketi. Ilitarajiwa kuwa mwili ukiingia mchezoni, akili itaufuata. Ilikuwa hivyo, mpaka mchezaji alipogundua kuwa kutikisa kiganja tu, naye amekaa kitini, kulitosha kuurudisha mpira. Tangu hapo aliuona mpira, uwanja hakuuona tena.

Leo uwezo huo umo katika simu. Kijana mmoja wa Mkokotoni huendesha gari la mashindano kwa kuinamisha simu yake kulia na kushoto. Pwani ni hodari. Bega lake huinama pamoja na gari, na huitwa mara mbili asisikie. Siku moja alicheza ndani ya mashua. Wimbi likaiinamisha mashua, na simu pamoja nayo. Gari likaacha njia. Chombo hicho hupima mwinamo, hakijui umeletwa na nani. Alijaribu tena, likaacha njia tena.

“Njoo ushike huku, mwanangu,” alisema mjomba wake, nahodha.

Safari hii aliitwa mara moja tu. Simu ikatiwa mfukoni, gari likinguruma bado.